Namba Iliyosimama Kwenye Pikapu ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Jumanne, asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi, na kupitia kwako namsalimu shemeji yangu, ambaye hadi leo namfahamu kwa mwandiko wake tu juu ya bahasha. Natumai kikohozi ulichoniandikia kimekuachia nafasi ya kulala, na kwamba daktari hajakukataza chai yenye sukari, maana nakumbuka zamani aliyekunyima sukari alikuwa anatafuta ugomvi. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu wa miaka sabini na mmoja anavyoweza kujiita mzima. Binti yangu, aliyerudi kukaa nami tangu mama yake alipofariki, hajambo naye. Ameshapaka rangi chumba kile cha nyuma kwa ajili yako, na amenikataza nisiingie humo na viatu.

Sina budi kuanza kwa kuomba radhi. Barua yako ilifika wiki kumi na moja zilizopita, nami sikuijibu. Haikupotea, wala sikuugua. Niliisoma siku ile ile, nikaiweka mfukoni mwa koti, na tangu hapo nimekuwa nikilivaa koti hilo hata wakati wa joto.

Uliandika kwamba utakuja mwishoni mwa mwezi ambao sasa ndio ujao, baada ya miaka arobaini na minne, na kwamba kabla hata ya kunywa maji utakwenda kusimama kwenye kaburi la Baba umwombe msamaha. Ulieleza na sababu, nami nairudia hapa ili ujue kwamba niliisoma vizuri. Ulisema kuwa, baada ya kuliwaza jambo hili miaka mingi, umeamua kwamba Baba hakukosea sana; kwamba hukuiba maili hata moja, lakini ni wewe uliyeipaka mafuta kebo ya spidomita Jumatano ile, na pengine hukuikaza nati sawasawa; na kwamba kwa ajili ya nati moja legevu ulimkasirikia baba yako hata hukumzika. Nakusihi, mdogo wangu, usimwombe Baba msamaha wowote kabla hujaimaliza barua hii. Na uisome ukiwa umeketi.

Mwishoni uliniuliza, kwa utani wako ule ule, kama pikapu bado ipo, na kama mshale wa spidi umeshafufuka. Nitakujibu yote mawili. Lakini kwa kuwa najua shemeji naye huzisoma barua zako, na sitaki abaki gizani, naomba univumilie nikikumbushia mambo ambayo wewe huna haja ya kukumbushwa.

Baba yetu, shemeji, alikuwa na tanuri la mikate, na pikapu moja ya kuisambaza. Mume wako ndiye aliyekuwa dereva, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa mwalimu, nimesomeshwa na wamisionari, na nilihesabiwa kuwa mtoto asiye na makuu. Kila asubuhi Baba alichungulia namba za maili kwenye saa ya pikapu, akaziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala la unga. Jioni aliandika tena. Tofauti ilitakiwa iwe maili thelathini na moja, ambao ndio mzunguko wa shule, hospitali na maduka. Thelathini na mbili kama daraja limefungwa. Mlango ule, alikuwa akisema, ndio karani wake, nao haumwombi likizo.

Jumatatu moja asubuhi chaki ilisema 67,415. Jioni makreti yalirudi matupu, mikate imefika kila mahali, na saa ikasema 67,418. Maili tatu. Mume wako alieleza kwamba mshale uliruka kama panzi, kisha ukalala chali. Baba akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akaikuta nati ya kebo imekaa upande, ina alama za koleo. Tena kwa karibu miezi miwili petroli ilikuwa ikiisha mapema kuliko alivyotarajia. Akaunganisha mambo. Mbele ya waokaji wote wanne alimwita mwanawe mwizi wa maili, akasema kwamba huifungua kebo njiani ili aende kwenye mambo yake gari likiwa halihesabu, na kwamba siku hiyo ameshindwa kuirudisha. Mume wako alikana mara mbili. Mara ya tatu alivua aproni, akaikunja vizuri kuliko alivyowahi kukunja nguo yoyote nyumbani humu, akaiweka juu ya meza ya unga, akaondoka na basi la jioni.

Baba alikataza kebo isitengenezwe. Alitaka namba ile isimame pale pale, kila atakayekaa nyuma ya usukani aione. Miaka kumi na mmoja baadaye alifariki, pikapu ikawa yangu, nami sikuigusa namba. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba naheshimu agizo la marehemu.

Sasa nakurudia wewe, mdogo wangu. Pikapu ipo. Rangi yake ya kijani imekuwa kama ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, mlango wa kushoto hufungwa kwa kamba, lakini injini huitika. Mimi siendeshi. Binti yangu ndiye huiendesha, na kwa kuwa mshale ulikuwa umelala tangu kabla hajazaliwa, mwendo aliukisia kwa jinsi vijiko vinavyolia ndani ya kisanduku cha dashibodi.

Barua yako ilipofika nilitafuta fundi. Ninaona aibu kukuambia sababu, lakini barua hii haina faida nikianza kuchagua. Niliwaza kwamba ukija ukaukuta mshale unacheza na namba zinatembea, utacheka, nami nitacheka, na jambo litakuwa limekwisha bila mtu kulifungulia mdomo. Nilikwisha hata kukuandikia barua fupi: kebo imebadilishwa, karibu nyumbani. Niliiandika mara tatu kwa mwandiko mzuri, na mara zote tatu nikaichana.

Fundi wetu wa mtaani huitwa Redio. Hatengenezi redio, ni kwamba Mungu alimwumba akasahau kumwekea kitufe cha kuzimia. Alifika Ijumaa, akaizunguka pikapu mara mbili, akabisha hodi kwenye boneti kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, akasema, “Shikamoo, bibi.” Binti yangu akamwuliza mbona anaamkia gari na baba yake amesimama hapo hajasalimiwa. Redio akajibu kwamba Mwalimu ana miguu, atamfuata nyumbani akitaka salamu, lakini huyu bibi hali yake si nzuri.

Kebo ya gari kama lile haiuzwi tena. Redio aliipima ile ya zamani kwa uzi, akazunguka kwa wauza vipuri siku mbili, akarudi na moja ya gari jingine ambayo nati zake zililingana ila ilizidi urefu kwa shubiri moja. Alinieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba ile shubiri ataizungusha kwa duara kubwa mbali na ekzosi, kwa sababu waya wa ndani ukikunjwa sana unajinyonga. Na kwamba grisi hupakwa sehemu ya chini tu, kwani ikipanda juu itaingia kwenye saa na kuuziba mshale macho. Kisha akainua gari kwa jeki, akajilaza chini, akaifungua kebo kwenye giaboksi huku akiendelea kuzungumza na sisi, na giaboksi, na kuku wa jirani.

Shida ilikuwa upande wa juu. Mkono wake mnene haukupita nyuma ya dashibodi, hivyo binti yangu ndiye aliyepenyeza wake, akahangaika, akasema nati haionekani wala haishikiki. Nikajikuta nimesema: “Iinue kebo kwanza kwa kidole cha kati, kisha uizungushe kuelekea mlangoni.” Nati ikatoka. Redio akanyanyua kichwa akasema, “Eh, Mwalimu! Kumbe na wewe fundi?” Nilimjibu kwamba niliwahi kusoma mahali fulani. Binti yangu alinitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyotaka kutazamwa, nikaenda kuleta chai.

Nilipotoka na chai, kebo ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya gunia. Redio aliweka ncha yake kwenye kiganja changu. Ncha ya waya wa ndani inatakiwa iwe na pembe nne, iingie kwenye tundu la pembe nne, ndipo iweze kuusukuma mshale. Hii ilikuwa imesagika ikawa mviringo kama kijiti cha meno kilichotafunwa. Redio alieleza kwamba aliyeifunga mara ya mwisho hakuipeleka hadi ndani. Aliiegesha tu mdomoni mwa tundu, akakaza nati upande, na gari lilipotembea maili chache ncha ikajila yenyewe. Akaongeza kwamba nati hiyo imefunguliwa na kufungwa mara nyingi, tena na mtu mwenye haraka. “Huyu alikuwa anaiba maili,” alisema, na akacheka, si kwa ubaya, kama mtu wa kazi anayetambua ujanja wa kazi.

Binti yangu aliifunga kebo mpya juu. Kabla ya kufunga chini Redio aliuzungusha waya kwa vidole viwili, na mshale, mdogo wangu, ukashtuka. Tukaingia wote watatu, binti yangu kwenye usukani, Redio katikati, mimi dirishani. Tulipopita posta mshale ulikuwa kwenye ishirini. Tulipofika barabara nyoofu ulipanda thelathini, ukitetemeka kidogo, na ile nane ya mwisho, ambayo nimeitazama zaidi ya nusu ya maisha yangu, ikaanza kujiviringisha taratibu, ikawa tisa. Binti yangu alipiga kelele za furaha. Redio akapiga dashibodi kwa kofi, akauliza ni nani basi aliyekuwa dereva mjanja wa zamani hizo.

Binti yangu akajibu kwamba ni Baba Mdogo. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anavyotaja jambo linalojulikana na kila mtu, kwa kuwa ndivyo alivyolisikia tangu utoto. Kisha akanigeukia akauliza, “Si ndivyo, Baba?”

Nikasema, “Ndivyo.”

Ndivyo, mdogo wangu. Neno moja. Hapakuwa na wa kunitisha ndani ya gari lile. Baba hayupo. Kazi nimestaafu. Hapakuwa na kitu chochote cha kupoteza ila sura yangu mbele ya mtoto na fundi, nami nikakuuza tena kwa bei hiyo.

Ni mimi niliyekuwa nikiifungua ile kebo.

Wewe hukuacha nati legevu. Nati uliyoikaza Jumatano ilikuwa imekazwa vizuri kabisa. Nalijua hilo kwa hakika, kwa sababu Jumamosi yake vidole vyangu viliishindwa, ikanibidi nitumie koleo. Alama alizozigusa Baba ni zangu. Petroli iliyopungua ni yangu. Ilikuwa Jumamosi saba. Baba alikuwa akienda mazoezi ya kwaya saa nane, wewe ukienda kwenye mpira, na ufunguo ukibaki kwenye msumari. Kuendesha ulinifundisha wewe mwenyewe nyuma ya shule, ukinicheka kwamba naiomba gia ruhusa kabla ya kuibadilisha. Kufungua kebo nilijifunza kwa kukutazama ukiipaka mafuta.

Nilikuwa nikienda maili kumi na nane, kwenye chuo cha wauguzi, ambako wageni waliruhusiwa saa tisa hadi saa kumi, na basi la Jumamosi halikufika huko. Unamjua niliyekuwa nikimtembelea. Alikuja kuwa shemeji yako. Ningeweza kumwomba Baba gari. Sikumwomba, kwa sababu alikwisha sema pikapu ni ya mikate, na kwa sababu nilizoea kusifiwa kwamba siombi kitu. Jumamosi ya saba ilinyesha, nikakwama kwenye tope. Nilipofika uani nilisikia sauti ya Baba langoni akiagana na mpiga kinanda. Niliisukuma kebo, nikazungusha nati ilivyotaka kuzunguka, nikaingia ndani na kufungua kitabu.

Baba alipokuita mwizi nilikuwa nimesimama kando ya tanuri, nikihesabu mikate iliyokuwa imeshahesabiwa. Uliniangalia mara moja. Wewe peke yako nyumbani ulijua kwamba naweza kuendesha, na hukusema. Sijui kama hukuliwaza, au uliliwaza ukaningoja niseme mwenyewe. Hilo sina haki ya kukuuliza, na sikuulizi.

Usidhani nilikosa nafasi. Nilijiambia nitasema jioni ile, ghadhabu ya Baba ikitulia. Kisha nikasema baada ya harusi. Kisha ulipotuma anwani yako ya kwanza. Baba alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, alilitaja jina lako la utani mara mbili, Chapuchapu, akiuliza kama umeshafika. Nilimwambia apumzike. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na ndilo linaloniamsha.

Marehemu mke wangu alidhani Baba ndiye aliyeniazima gari. Alipojua ukweli, mwaka wa nne wa ndoa yetu, aliniambia kwamba kumbe alichumbiwa kwa maili zilizolipwa na mtu mwingine. Kila mwaka ulipoanza aliniuliza kama nimekuandikia. Wiki ya mwisho hospitalini alinishika mkono akanitaka niahidi, nikaahidi. Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Siku ile ya kujaribu gari, tuliporudi, Redio alipokwisha kwenda zake, nilimwambia binti yangu. Alikuwa akianua nguo. Aliuliza jambo moja tu, kama mama yake alijua. Nikasema alijua. Akaendelea kuanua, moja moja, hata zilizokuwa mbichi. Siku mbili alinipa chai na chakula kwa adabu yote bila kuniita Baba. Siku ya tatu alileta karatasi na kalamu, akasema: “Mwandikie. Na posta nitaipeleka mimi, nisije nikaikuta chini ya godoro.” Siwezi kumlaumu kwa kunijua.

Nilikwenda pia kwa Redio, kwa miguu, kwenye karakana yake, nikamweleza dereva hakuwa wewe. Alikaa kimya, hata jirani yake akachungulia kuona kama anaumwa. Mwishowe akasema, “Basi Mwalimu, yule mwizi alikuwa na bahati, ila ufundi hakuwa nao.” Kati ya waokaji wale wanne mmoja yu hai. Naye nimemwendea. Masikio yake yamezeeka, kwa hiyo ilinibidi niseme mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na majirani zake wakanisikia zote tatu. Naona ndivyo ilivyostahili, kwani na wewe uliitwa mwizi mbele za watu.

Sikutumii pikapu kama fidia. Hakuna gari linaloweza kubeba miaka arobaini na minne, na lile hata mlango wake hushikiliwa na kamba. Nakuambia tu kwamba kebo imefungwa, imeingia hadi ndani, na aliyeifunga si mimi.

Ukiamua kutokuja, sitakuuliza sababu, wala sitamruhusu binti yangu akusumbue. Ukija, na usipotaka kuniona, chumba ni chako na mimi nitakaa kwa yule mwokaji mzee kwa siku zote utakazokuwapo. Nimekwisha kumwomba, na safari hii alinisikia mara ya kwanza. Ila kuhusu kaburi nakuomba, ingawa sina haki ya kukuomba lolote. Usimwambie Baba neno lile. Umelibeba kwa miaka mingi kwa uungwana wako, ukalipangia maneno, ukalikatia tiketi, na halikuwa lako hata siku moja. Ni langu. Niachie nilitamke mimi, kwa sauti, kama nilivyolitamka kwa yule mzee, na wewe usimame karibu yangu au mbali nami, upendavyo, usikie jina lako likisafishwa na yule yule aliyelichafua.

Msalimie sana shemeji, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwamba barua ya kwanza ndefu anayoipata kutoka kwa shemeji yake ni ya namna hii. Wasalimie na watoto wako, ambao hawanijui, nao hawajakosa mengi. Binti yangu anakusalimu kwa heshima zote, na anasema chumba kimekauka rangi.

Ni mimi, kaka yako, kama bado waniruhusu kujiita hivyo.